Mlango wa Kumi na Saba

Jengo zima lilimwita Shemeji. Waliokuwa na haki ya kumwita hivyo ni ndugu wawili wenye duka la picha na uchapaji pale chini, kwa kuwa alikuwa amemwoa dada yao. Halafu daktari wa meno wa ghorofa ya pili akalidaka jina, mwenye saluni akafuata, mlinzi naye hakubaki nyuma, na mwishowe hata wapangaji waliohamia juzi, wasiojua kamwoa nani, wakawa wanapiga simu kwa sauti ya watu wa nyumbani: "Shemeji, intaneti imekata." Jina hilo lilikuwa na hasara yake. Anayekuita fundi hukupigia saa za kazi. Anayekuita shemeji hukupigia una tonge mkononi, na huna pa kulalamika, maana undugu hauna likizo.

Kazi yake ilikuwa kuleta intaneti jengoni na kuigawa. Alianza kwa kubebea mafundi wengine ngazi, akajifunza kwa kutazama mikono yao, na siku mmoja wao alipolidharau jengo lile la ghorofa tano akisema wapangaji wake ni wadogo mno, yeye akalichukua. Wadogo wengi wakikaa pamoja ni mkubwa mmoja; hesabu hiyo haihitaji shule. Alikuwa na majengo mengine mawili mtaa wa pili, lakini hayo yalikuwa chumvi. Lile ndilo lililokuwa unga.

Sasa umri ulikuwa umemkalia magotini. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mzee wa kupisha kiti. Alikuwa amechoka tu, ule uchovu ambao ukilala nao unaamka nao, umetangulia kukaa ukingoni mwa kitanda unakusubiri uvae viatu.

Ruta ya jengo, lile sanduku linalopokea intaneti na kuisambaza, ilikaa ghorofa ya tano ndani ya kabati la chuma, jirani na tangi la maji. Lifti haikuwapo. Mama Jengo, mwenye mali, aliacha nafasi ya lifti wakati wa kujenga, akabadili mawazo, akaweka humo mafagio na ndoo. Ndani ya sanduku hilo, waya mmoja mnene uligawanywa njia nyingi bila kuchanwa. Kitabu cha mtengenezaji kiliziita njia hizo violesura pepe. Shemeji aliziita milango hewa, kwa sababu zipo na hazipo, kama wafanyakazi hewa: kazini huwaoni, lakini wanahesabiwa. Kila mpangaji alikuwa na mlango wake wenye namba yake. Mashine zilizo nyuma ya mlango mmoja ziliweza kuonana, ila hazikuweza kuchungulia nyuma ya mlango wa jirani. Ni ukuta usio na tofali.

Shida ni kwamba sanduku lilikuwa na masharti kama ya mganga. Milango isizidi kumi na sita, hata uitundike kwenye tundu gani. Namba moja haipewi milango miwili. Na mlango ambao watu wanautumia hausogezwi. Unaufuta kwanza, unajenga mwingine, na waliokuwa nyuma yake wanakaa gizani wakikutukana mpaka umalize.

Na kumi na sita ilikuwa imetimia zamani.

Wale ndugu wawili walikuwa nyuma ya mlango mmoja, ule uliowekwa enzi za baba yao. Baba alipofariki walivumiliana mpaka watu walipomaliza kutoa pole, kisha wakagawana. Walipitisha ubao katikati ya duka kuanzia sakafuni hadi darini. Waligawana viti, mapazia, taa za kupigia picha, hata kioo cha wateja kujitazamia, ambacho kilikatwa vizuri na mkata vioo kwa sababu wenyewe wangekivunja. Bango la nje lililosema PICHA NA UCHAPAJI walilipitishia msumeno. Mkubwa akabaki na PICHA. Mdogo akabaki na NA UCHAPAJI, na alipoambiwa alifute lile NA linachekesha watu, alijibu kwamba ni sehemu ya urithi wake. Kazi yenyewe hawakuigawa; kila mmoja alipiga picha na kila mmoja alichapa.

Kitu pekee walichosahau kukigawa ni mlango hewa, kwa kuwa haukuonekana. Basi mashine zao zikaendelea kuonana kana kwamba hakuna msiba wala ubao. Siku moja Mkubwa alituma kadi za harusi zichapwe, na kwa kuwa mashine zote mbili za kuchapia zilibaki na jina lile lile moja alilozipa baba, kadi zikatokea upande wa Mdogo. Mdogo hakumrudishia. Alizikata, akazipanga, akazifunga utepe, na mama wa bibi harusi alipokuja alimwita kwa upole: "Mama, kadi zako ziko huku." Mama yule alichukua kadi zake, akalipa huku, akaenda zake. Mteja hana habari na ugomvi wa fundi. Anataka mzigo wake.

Kelele zilifika mpaka kwa daktari wa meno.

Kesho yake Shemeji alikuwa juu ya ngazi kwenye korido ya chini, anabana waya ukutani. Mkubwa akaja, akaishika ngazi kwa mkono mmoja, si kwa nia ya kuisaidia.

"Shemeji, shuka tuongee."

"Ongea tu. Nasikia kwa masikio, si kwa nyayo."

"Nataka mlango wangu mwenyewe. Sitaki mashine yangu ionane na ya yule."

"Yule ana jina."

"Jina analo, adabu hana. Kadi za watu mia mbili, Shemeji! Amezifunga na utepe! Na mimi niko upande wa pili naangalia mashine yangu imenyamaza, napiga-piga ubavu wake kama naamsha mtoto."

"Utepe wa rangi gani?"

"Unanicheka?"

"Nauliza tu."

"Basi sikiliza, usicheke tena. Ijumaa ya wiki ijayo ikipita sina mlango wangu, nawaita wale wa kampuni kubwa. Walishapita hapa. Wana fulana za kazi, wana gari lenye ngazi juu."

Hapo Shemeji akashuka. Mama Jengo alikuwa na sheria moja asiyoitania: jengo lake lina mwenye intaneti mmoja tu, maana hataki ngazi zake zifungwe nyaya kama mzigo wa kuni. Duka la chini ndilo lililokuwa na uso wa barabarani, ndilo lililolipiwa kodi nono. Likimleta mtu wake, atakayetolewa si mpangaji wa chini. Ni Shemeji, na unga wake.

Kutoka upande wa pili wa ubao, Mdogo akapaza sauti: "Mpe! Mpe mlango wake, Shemeji! Hata mimi nimechoka kumfanyia kazi zake!"

Jioni ile nyumbani mke wake alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho.

"Wamekupigia?" Shemeji akauliza.

"Mmoja alipiga naongea na mwingine. Nilitamani niwaunganishe halafu mimi niondoke."

"Wanasemaje?"

"Kaka Mkubwa anasema nimwambie mume wangu asiwe na upendeleo. Mdogo anasema nimwambie mume wangu asiwe na upendeleo. Angalau hapo wamekubaliana."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi? Nasema hizi shati zako zinaisha kwapani. Kula kwanza, baba watoto."

Alikula. Kisha akafungua kompyuta yake iliyochakaa, akaingia kwenye sanduku la ghorofa ya tano akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka, akajaribu kujenga mlango wa kumi na saba. Sanduku likajibu kwa mstari mmoja kwamba idadi imetimia. Akautundika kwenye tundu jingine, likajibu vile vile. Akajaribu kwa kuzunguka, kwa njia ambayo kitabu hakikuitaja wala kuikataza. Vile vile.

Shemeji alikuwa mtu wa kupatana. Alishapatana na wauza nyaya, na wenye majengo, na baba mkwe wake marehemu, ambaye alikuwa mgumu kuliko wote. Siri ya kupatana ni kujua mwenzako anataka nini kisha ukajifanya unacho. Lakini hupatani na kitu kisichotaka chochote. Sanduku halikuwa na njaa, halikuwa na haraka, halikuwa na mke. Alifunga kompyuta. Wenye roho watakuwa wepesi zaidi, akajiambia, ingawa hakuamini sana.

Njia ya kwanza aliyoijaribu ilikuwa rahisi kuliko zote. Kuna visanduku vidogo unaweza kuviweka nyuma ya mlango uliopo. Kimoja kingekaa upande mmoja wa ubao na kuwatenga ndugu wale bila kumsumbua mtu wa juu. Alimweleza Mkubwa, naye akasikiliza mpaka mwisho, jambo lililompa Shemeji matumaini ya bure.

"Kwa hiyo mmoja wetu atapata intaneti moja kwa moja, na mwingine atapitia kwenye kisanduku?"

"Kwa maneno machache, ndiyo."

"Nani atapita nyuma?"

"Yeyote. Hutahisi tofauti."

"Nikae nyuma ya mlango wa mdogo wangu? Niwe mpangaji wake? Shemeji, baba yangu yuko kaburini, ungemwonea haya hata kidogo."

Akaenda upande wa pili. Mdogo alikuwa ameshasikia yote, maana ubao ule ulizuia macho tu.

"Miaka yote nimekaa nyuma ya yule," Mdogo akasema. "Nyuma mezani, nyuma shuleni, viatu vyake vikimbana ndio vyangu. Na intaneti pia?"

Kisanduku kikarudi mfukoni.

Njia ya pili ilikuwa Mama Jengo. Alimkuta ofisini kwake, amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, anatafuta wa tatu.

"Mama, ruta imejaa. Inatakiwa kubwa zaidi."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi haijaharibika."

"Haijaharibika, imejaa."

"Mwanangu, hata mimi nimejaa. Mbona sijabadilishwa?"

Shemeji hakuja pale akitegemea ruta. Ukitaka kamba, anza kwa kuomba ng'ombe. Akahema kama mtu aliyevunjwa moyo, akashuka hatua moja. "Basi niishushe hii tuliyo nayo. Niiweke kwenye kabati chini ya ngazi. Magoti yangu, mama."

"Kabati lina viti vyangu."

"Viti vibovu."

"Vibovu si vyangu?"

"Basi nipe hata kimoja nikiweke ghorofa ya tatu, nipumzike nikipanda. Na wale wa kampuni kubwa wakija, mama, usiwape jibu mpaka Ijumaa iishe."

Mama Jengo akacheka mpaka miwani ya kichwani ikadondoka ikakutana na ya machoni. Akampa kiti, na akampa Ijumaa. Ijumaa ndiyo aliyoijia. Hakupata mlango, lakini alitoka na muda, na mwenye muda hajashindwa bado.

Njia ya tatu ilikuwa daktari wa meno, mpangaji pekee mwenye milango miwili: mmoja wa kazi na mmoja wa wagonjwa wanaosubiri. Shemeji alimkuta ameinama juu ya mtu aliyepanua kinywa.

"Ingia, Shemeji, huyu hawezi kusema kitu."

"Daktari, nimekuja kuomba mlango wa wagonjwa. Waweke kwenye ule wako wa kazi."

"Mafaili ya wagonjwa yako kule. Mtu amekaa pale nje anasubiri kung'olewa jino, aone na la jirani yake? Hapana."

"Basi wasubiri bila intaneti."

"Umewahi kusubiri kung'olewa jino bila kitu cha kuangalia?" Akamgeukia mtu wa kitini. "Wewe ungependa?"

Mtu wa kitini akatoa sauti.

"Anasema hapendi," daktari akatafsiri. Kisha akachukua koleo, akasimama nalo hewani akifikiri. "Wapangaji tuko kumi na wanne. Mimi nina miwili, hiyo inakuwa kumi na tano. Wa kumi na sita wa nani?"

Siku zote hizo Shemeji alikuwa anahesabu milango ghorofa kwa ghorofa, kama yule anayehesabu punda huku amempanda mmoja. Tofauti ni kwamba yeye hakusahau. Aliuruka makusudi, kila mara, kama mtu anavyoruka jina la ugonjwa wake.

"Wangu," akasema.

"Aa," daktari akasema. "Panua tena, mzee wangu." Na hayo ya mwisho hayakuwa ya Shemeji.

Mlango wa kumi na sita ndio aliopita kuingia ndani ya sanduku akiwa nyumbani. Mtu akipiga simu intaneti imekata, Shemeji alifungua kompyuta mkekani, akatazama, akarekebisha, akarudi kwenye sahani yake. Magoti hayakujua kama kuna kazi imefanyika. Kupitia milango ya wapangaji haikuwezekana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga njia hiyo, tangu mwanafunzi mmoja wa darasa la kompyuta la ghorofa ya nne alipoingia sandukuni na kubadilisha neno la siri ili kumfurahisha mpenzi wake. Mlango ule ulikuwa ndio lifti yake. Akiutoa, kila malalamiko yatamtaka kwa miguu yake mwenyewe, mpaka ghorofa ya tano.

Alirudi nyumbani akamwambia mke wake. Mke akaacha alichokuwa anafanya.

"Utapanda kila siku?"

"Kila wakilalamika."

"Wanalalamika kila siku."

"Najua."

"Na ukiacha?"

"Nikiacha, kampuni kubwa inaingia, na magoti yangu yanapumzika pamoja na sufuria zako."

Mke alikuwa binti wa baba yake, alijua kupatana. "Lakini usiutoe bure," akasema. "Wao wamenifanya mimi posta. Kila mmoja anatuma maneno kupitia kwangu, na tangu matanga hakuna aliyekanyaga hapa. Ukiwapa mlango, wapige marufuku kupiga simu. Anayekutaka aje. Kwa miguu yake, mpaka hapa mlangoni."

Shemeji alimtazama kwa heshima ambayo kwa kawaida aliiweka kwa ajili ya wauza nyaya.

Alhamisi alikwenda dukani, akasimama barabarani pale ubao ulipoishia, mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, ili kila mmoja amwone kutoka kwenye nusu yake.

"Mlango upo," akasema. "Kila mmoja atapata wake, moja kwa moja kutoka juu, hakuna wa mbele wala wa nyuma."

"Umeutoa wapi?" Mkubwa akauliza.

"Ni wangu. Ndio niliokuwa napita kuwatengenezea kutoka nyumbani. Kwa hiyo kuanzia sasa sioni kitu nikiwa nyumbani, na simu ya mtandao sipokei. Sio yenu tu, ya jengo zima. Mtu akikatikiwa, atakuja hapa chini kuwaambia ninyi, na mmoja wenu atakuja nyumbani kunichukua. Wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine."

"Mimi niwe tarishi wa jengo?"

"Mwambie huyo," Mdogo akasema akimwangalia Shemeji, "kama hataki, zamu zote nitachukua mimi, na milango yote miwili nichukue mimi."

"Mwambie huyo," Mkubwa akasema akimwangalia Shemeji pia, "asinisemee. Nimekubali."

"Mwambie na mimi nimekubali. Nilikubali kabla yake."

"Mwambie kukubali si mbio."

"Nimewaambia wote," Shemeji akasema. Shingo ilikuwa inamuuma kwa kugeuka. "Sasa namba. Ule wa zamani nautumia kwa mmoja, mwingine anapewa namba mpya."

Shemeji aliona wazi wote wawili wamegundua kwa pamoja kwamba baba yao aliacha urithi mwingine ambao haujakatwa kwa msumeno. Namba ya baba.

"Ya zamani ni yangu," wakasema wote.

"Haigawiki. Sanduku halikubali."

"Basi tuone nani ataipata," Mkubwa akasema.

Kwa mara nyingine Shemeji alishukuru kwamba ana masharti ya kusingizia. Alisema namba ya baba ataifuta kabisa, haipati mtu, na atajenga milango miwili mipya: mmoja namba thelathini, mwingine namba arobaini. Chagueni. Mkubwa akasema mara moja anataka thelathini, kwa kuwa yeye ndiye aliyezaliwa kwanza na thelathini inatangulia. Mdogo akasema mara moja anataka arobaini, kwa kuwa ni kubwa. Shemeji alisubiri aone kama kuna atakayeghairi akisikia mwenzake ameridhika. Hawakughairi. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kwa ndugu wale kutaka vitu viwili tofauti, na Shemeji aliondoka haraka kabla hawajaligundua hilo.

Ijumaa asubuhi, kabla wapangaji hawajafika, alipanda. Kazi ile haikuweza kufanyika nyumbani. Ungekuwa unakata tawi ulilokalia. Alichomeka waya wake moja kwa moja sandukuni, akafuta mlango wake, akafuta mlango wa baba, akajenga thelathini na arobaini. Sanduku likahesabu, likatosheka, likakubali. Halikumshukuru. Alishuka taratibu, mkono wa kulia ukishika ukuta. Alipofika chini alimwambia Mama Jengo kwamba watu wa kampuni kubwa wanaweza kuambiwa waende salama. Mama Jengo akasema alishawaambia jana, kwa sababu fulana zao zilimkera. Shemeji akasimama pale mlangoni kidogo, akifikiria magoti yake na jana, kisha akaona haina faida kufikiria.

Kilichofuata kilikuwa kimya. Siku moja bila malalamiko, siku ya pili, siku ya tatu. Mtu ambaye zamani alipiga simu kwa sababu picha imechelewa kufunguka, sasa ilimbidi ashuke ngazi, ajieleze kwa Mkubwa, na Mkubwa alikuwa na maswali mengi kwa mtu anayetaka kumtembeza juani. Umezima ukawasha? Zima tena. Una uhakika? Umelipia? Wengi walipanda wakiwa wamepona. Shemeji alikula chakula chake cha moto mara kadhaa, akashangaa kwamba mchuzi una ladha nyingine ukiwa haujapoa.

Kisha, Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, Mdogo akaja. Ilikuwa zamu yake. Alisimama nje kama mgeni, akabisha hodi nyumbani kwa dada yake.

"Karibu," dada akasema, bila kuonyesha kitu. "Kaa hapo. Shemeji yako anakula."

"Jengo zima limekata. Daktari ana mtu kinywa wazi."

"Atafunga. Kaa."

Mdogo alikuwa ndiyo kwanza amekaa, hodi nyingine ikabishwa. Mkubwa.

"Si zamu yako," dada akamwambia.

"Najua si zamu yangu. Nimekuja kuhakikisha kama huyu amefika. Mtu huyu ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti."

"Mwambie nimefika," Mdogo akamwambia dada yake.

"Mimi si posta tena," dada akasema. "Mwambie mwenyewe. Kiti kingine kiko ndani, kalete."

Mkubwa akaleta kiti. Wakakaa wawili pamoja, mmoja akitazama mlango na mwingine akitazama dirisha. Shemeji alimaliza chakula chote, akanawa, akavaa viatu kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha wakatoka watatu, yeye katikati.

Ndugu wale walibaki chini ya ngazi. Shemeji alipanda peke yake, akipumua kwa kinywa, akisimama kila alipotaka kusimama. Ghorofa ya tano alifungua kabati la chuma. Sanduku lilikuwa limezimika, halina hata taa moja. Akafuata waya wa umeme kwa kidole mpaka ukutani. Mtu wa pampu ya tangi la maji alikuwa amechomoa plagi ya sanduku, akachomeka yake, akamaliza kazi yake na kwenda zake.

Shemeji aliishika ile plagi akaitazama. Sanduku lililozimika haliingiliki kwa mlango wowote, wa mbao wala wa hewa. Hata angekuwa na mlango wake wa kumi na sita, hili lingemleta vile vile.

Akachomeka. Taa zikaanza kuwaka moja moja. Chini, kwa mbali, akasikia Mkubwa akiita kupitia uwazi wa ngazi, "Shemeji! Ni nini?" na Mdogo akiongezea juu yake, "Ni kubwa?"

Shemeji akageuza ndoo tupu iliyokuwa kando ya tangi, akaikalia. Kupanda kote kule hakukustahili kuisha kwa plagi.

"Ni ngumu kidogo," akajibu. "Nipeni muda."

Akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akaegemea tangi lililokuwa la baridi, akafumba macho.